Vitambaa Vyeupe

"Hivi wewe, siku Mungu akijibu hapana, utajuaje?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, mshona nguo tunayemwita Mama Cherehani, siku binti yake alipoajiriwa kuhudumia abiria kwenye ndege za shirika la taifa. Alikuwa ameuma pini mdomoni, anapunguza sketi ya sare ya yule binti, na maneno yalipita pembeni ya pini kama mzaha. Nami nikamjibu kwa mzaha:

"Wewe ndiye utakuwa wa kwanza kujua, maana hakuna jambo la mtaa huu linalokupita."

Tukacheka. Lakini nilipofika kwangu, kabla sijavua hata viatu, swali lilikuwa limeshakaa ndani linanisubiri.

Aliuliza kwa sababu mimi ndiye ninayeziombea ndege. Si kazi niliyoandikiwa mkataba. Ilinijia tu, kama mtoto wa ndugu anavyoletwa likizo akakaa moja kwa moja.

Shirika lilipoanza lilikuwa na ndege moja, ya mapangaboi mawili, iliyokwisha kutumika nchi nyingine hadi viti vyake vilikuwa na visahani vya majivu ya sigara za watu tusiowajua. Wafanyakazi waliiita Babu, kwa jinsi ilivyokohoa kabla ya kuamka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wake. Siku ya kwanza ya kubeba abiria, wake wa wafanyakazi tuliruhusiwa kusimama karibu tuone. Mume wangu akatoka chini ya bawa anajifuta mikono, akaniita mbele ya watu wote, mimi mke mpya nisiyejua niangalie wapi.

"Mimi nimemaliza yangu," akasema. "Njoo sasa wewe umkabidhi Mwenyewe."

Nikaweka kiganja kwenye tumbo la ndege, bati limepata moto wa jua, nikasema maneno machache ambayo hata leo siyakumbuki. Babu akaruka, akarudi salama. Safari iliyofuata rubani akagoma kupanda mpaka aitwe yule mke wa Fundi. Desturi nyingi huzaliwa hivyo: mmoja anaogopa, wenzake wanaona haya kumcheka.

Kisha shirika likakua. Wakaja Mapacha, ndege mbili za injini za kufoka zisizo na pangaboi, zimefanana hadi marubani wakazikosea. Zikaanza kwenda miji ambayo tulikuwa tukiisikia redioni tu. Watu wakipanda walivaa nguo za harusi. Nikaziombea nikiwa na mwanangu mgongoni, akanyoosha mkono naye akaigusa ndege, na mafundi wakapiga makofi wakasema huyu ni Fundi Mdogo. Jina likamganda. Mpaka leo karakana nzima inamwita Mdogo, na kichwa chake kinagusa kizingiti cha juu cha mlango.

Halafu ikaja miaka ya majani. Sitaki kusema nani alikosa, sikuwa kwenye vikao vyao. Nilichoona kwa macho ni kwamba vipuri viliacha kuja. Wakaanza kufungua kifaa kwa pacha mmoja wakamfungia mwenzake, mpaka pacha mmoja akamla mwenziwe, na aliyebaki naye hakushiba. Majani yakaota yakafika nusu ya tairi. Kuku wa mlinzi akatagia mle miguu ya ndege inamokunjwa. Watu wakawa wanatutania sokoni: "Shirika lenu sasa linafuga?"

Mume wangu aliendelea kwenda kazini. Nilimpigia ovaroli pasi kila siku akaenda kuzungusha pangaboi la Babu kwa mikono, lisije likashika kutu likakataa kabisa. Alikwenda na mwanafunzi wake, kijana mwembamba tuliyemwita Mrefu, ambaye alikula kwetu mchana na jioni kwa sababu kwao hakukuwa na kitu. Siku moja mume wangu aliniomba kitambaa cheupe. Nikamchania shuka kuukuu.

"Mahali ambapo sina kipuri nitafunga kipande," akaniambia, "ili ukija ujue pa kuweka mkono. Umwombe Mungu kipuri kije."

Basi nikawa nakwenda, naona vitambaa vyeupe kama ndege imeumia imefungwa bendeji, naweka mkono kwenye kila kimoja. Kipuri kikija, kitambaa kinafunguliwa. Kisipokuja, kitambaa kinabaki, na ndege inabaki. Hilo mume wangu hakulijadili na mtu. Ndege yenye kitambaa haikutoka.

Alifariki miaka hiyohiyo, kwa moyo, ndege zote zikiwa zimelala. Mrefu ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa, na kwa urefu wake jeneza likaenda limeinama, mpaka watu wakambembeleza akunje magoti.

Mungu si Athumani. Shirika likafufuka. Zikaja ndege mpya, rangi zikapakwa upya, majani yakang'olewa. Mrefu akarudi akiwa mkuu wa karakana, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni, lakini mimi bado aliniita shemeji, na alimpeleka mwanangu nje kusomea uhandisi. Nikaitwa tena kuomba. Nikakuta vitambaa vyeupe bado vinafungwa, kimoja hapa, kimoja pale, nikafurahi machozi yakanilenga. Nikajua marehemu hakusahauliwa. Niliweka mkono, nikaomba, nikarudi nyumbani. Sikuuliza.

Sasa ndiyo ikaja hii kubwa kuliko zote. Waliiita Bibi Harusi, kwa sababu ilishuka ikiwa nyeupe pe, imefungwa utepe, watu wanapiga vigelegele. Ilikuwa iende safari ya mbali ambayo shirika halijawahi kwenda tangu lizaliwe, kuvuka bahari bila kutua, na wageni wakubwa ndani, na waandishi wa habari. Binti wa Mama Cherehani akachaguliwa kuhudumu humo. Mama yake alifunga cherehani siku hiyo, akazunguka mtaa mzima kutangaza.

Mimi nafua nguo za mwanangu. Ni mtu mzima, ana mashine ya kufulia aliyonunua mwenyewe, lakini ovaroli za karakana hazitaki mashine, zinataka mtu. Na mfuaji huona mengi. Mafuta ya injini ni meusi, grisi ni kahawia, na kuna haya mengine ya rangi ya zambarau, yanayosukuma breki na miguu ya ndege, yanawasha ngozi hata ukiyagusa kidogo. Wiki ile niliyaona kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Nikafua. Yakarudi, yamefika begani. Nikafua. Yakarudi tena yamelowesha kifua.

Nikamsubiri mezani jioni, nikampakulia, nikakaa.

"Mdogo, haya ya zambarau yanatoka kwa nani?"

"Kwa Bibi Harusi."

"Mpya vile anavuja?"

"Mama, hata wewe unatoka jasho."

"Mimi nina umri. Yeye ametoka kiwandani juzi."

Akacheka kidogo. "Ni kwenye mguu mmoja wa nyuma. Kudondoka kidogo kunaruhusiwa. Kuna kipimo chake."

"Na hiki ni kidogo?" Nikainua ile ovaroli.

Akaitazama, kisha akatazama sahani. "Kipuri kimeagizwa."

"Kimefika?"

"Kiko njiani."

"Na safari?"

Alisogeza chakula upande huu wa sahani, akakisogeza upande ule, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha humo. Mwisho akasema, "Mkuu amesema yeye anabeba dhamana. Mimi nitie tu sahihi ya kuiruhusu."

"Na usipotia?"

"Tuko wawili tu wenye leseni ya ndege ile. Mwenzangu yuko masomoni. Nisipotia haiondoki." Akasukuma sahani. "Mama, unajua nani alinisomesha? Unajua nani atakuwa wa kwanza kufukuzwa?"

Nikasema najua. Akaniaga akaenda kulala, jua halijazama vizuri.

Asubuhi yake nikaanua nguo. Foronya yangu nyeupe, ile niliyoidarizi pindo kwa uzi wa buluu, ilikuwa imechanwa, kipande kimetoka. Kwanza nikawasingizia panya. Lakini panya hachani mstari ulionyooka. Nikaikunja ile foronya. Nikajiambia labda alihitaji kitambaa cha kufutia. Nikajiambia hivyo siku nzima, na kila nilipojiambia sauti ilikuwa ndogo zaidi. Jioni aliponirudia na ovaroli iliyolowa, sikumuuliza. Niliogopa kwamba atanijibu.

Siku ya safari binti wa Mama Cherehani alinipitia asubuhi, amevaa sare, kofia imekaa upande, marashi yake yakajaa sebule yangu yote.

"Bibi, naondoka. Uniombee sana, naogopa maji. Wanasema chini ni bahari tu saa zote."

"Nenda mwanangu."

"Si utaiombea ndege leo? Mama amesema ukiiombea wewe hata yeye atapata usingizi."

Nikamwambia nakwenda hukohuko. Akanikumbatia, moyo wake nikausikia unavyodunda chini ya ile sare, au labda ulikuwa wangu.

Karakana ilikuwa imefagiliwa, zulia jekundu limetandikwa mlangoni. Nikaambiwa nikae kwenye benchi nje ya chumba cha kubadilishia nguo, Mkuu anakuja. Ndani mafundi wawili walikuwa wanazungumza, mlango umeegeshwa.

"Ile taa ya choo cha nyuma uliitengeneza?"

"Nimeifunga kitambaa."

"Na kiti cha pale dirishani?"

"Nacho nimekifunga kitambaa."

"Wewe bwana, utamchosha mama wa watu. Siku nyingine utafunga mpaka rubani!"

Wakaangua kicheko. Mimi pale benchini nikainuka. Nikasukuma mlango. Walisimama haraka kama watoto waliokutwa jikoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba wanangu. Nielezeni mimi mjinga. Kitambaa kikishafungwa, nini kinafuata?"

Yule wa taa akasema, "Si ndio basi, Mama. Kikishafungwa hicho ni chako. Sisi hatukigusi."

"Na mimi nikishaomba?"

"Tunafungua kitambaa, ndege inaondoka."

"Mnafungua mkishatengeneza?"

"Aa, Mama." Alitabasamu kunitoa wasiwasi. "Imeshaombewa ile. Na haijawahi kutokea kitu. Toka zamani hatujawahi kupata ajali, sote tunajua ni kwa ajili yako."

Alilisema kama zawadi. Sikujua nikae au niendelee kusimama. Miaka yote hiyo niliweka mkono juu ya vitambaa nikidhani naomba kipuri kije, kumbe nilikuwa nafungua geti. Vipuri vilikuwa vimerudi, stoo imejaa hadi dari, lakini mazoea ya njaa hayakuondoka na njaa. Na kitambaa alichofunga mume wangu ili ndege isitoke, ndicho hichohicho kilikuwa kinaitoa.

Nikawaambia vitu vidogo kama taa ya choo havina neno. Nilisema hivyo ili nipate pumzi. Kisha nikasikia sauti ya Mkuu inaniita.

Bibi Harusi alijaza karakana yote. Ukisimama chini yake unajiona kama sisimizi chini ya meza. Mafundi walikuwa wamejipanga duara, kofia mkononi, kama kawaida. Mwanangu alisimama karibu na mguu wa nyuma, ana karatasi ya kuiruhusu ndege kwenye ubao, kalamu katikati ya vidole. Tochi ya chuma aliyoachiwa na baba yake ilikuwa kiunoni. Hakunitazama.

"Karibu shemeji," Mkuu akasema. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. "Wageni wako njiani. Leo tuombe kwa ufupi."

Nikainama nikaenda kwenye ule mguu. Kipande cha foronya yangu kilikuwa kimefungwa kwenye bomba jembamba, uzi wa buluu unaonekana wazi. Kilikuwa kimeshakuwa zambarau nusu. Chini yake walitega sinia la bati, na nikiwa nimeinama hivyo tone likaanguka, likalia.

"Mrefu," nikasema. "Kipuri kimefika?"

Duara lote likageuka kumtazama. Hakuna aliyemwita jina lile mle ndani siku nyingi sana.

"Shemeji, hayo tuachie sisi mafundi."

"Ni kweli, siyajui. Ninachojua ni kwamba kitambaa hiki kinatoka kwenye mto wangu."

Akanishika kiwiko taratibu, akanisogeza nyuma ya ngazi, akainama hadi uso wake ukawa usawa na wangu. Nikamwona yule kijana aliyekuwa akikomba sufuria.

"Unakumbuka majani, shemeji?"

"Nakumbuka."

"Mimi niliyang'oa kwa mikono hii. Nilimwona bosi wangu, mumeo, anazungusha pangaboi la ndege isiyokwenda kokote, mpaka moyo ukamshinda. Leo wakiona hii imekwama siku ya kwanza, mbele ya kamera, watasema hawa hawawezi. Watatufunga tena. Watazame hawa wote. Wana watoto." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba anasema kweli. "Breki haiko moja. Hii ikichoka, nyingine itashika. Itakwenda, itarudi, kipuri kitakuwa kimefika."

"Basi hayo uliyoniambia mimi, waambie na abiria."

"Shemeji! Wewe omba tu. Ndiyo sehemu yako."

"Naogopa, Mrefu."

"Unaogopa nini wewe mwenye imani?"

"Hiyo imani ndiyo inayoniogopesha. Kuna binti wa jirani yangu humo leo. Naogopa kumwita Mungu aje ashike mahali ambapo mtu ameachia kwa makusudi."

Akanyooka. Uso ukafunga. "Wanaojua kuomba wako wengi hapa mjini," akasema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Naweza kumpigia simu mwingine afike sasa hivi."

"Mpigie."

Hakutoa simu. Alimgeukia mwanangu. "Mdogo, tia sahihi. Maombi yatafuata."

Nje zikasikika ngoma za bendi zinajaribiwa, na mtu akapita mbio na mashada ya maua. Magari yalikuwa yanaingia. Mwanangu alikuwa ameikamata kalamu hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nikajua nikisema neno moja zaidi nitakuwa nimemfukuzisha kazi kwa ulimi wangu mwenyewe, na nikinyamaza nitakuwa nimemtilia sahihi kwa kimya changu. Sikujua lipi ni dogo. Nilimwomba Mungu palepale, kimoyomoyo, ombi la kwanza siku ile, nalo halikuwa la ndege.

Kisha nikamuuliza swali ambalo sikulitunga mimi. Nililikuta kwa baba yake.

"Mwanangu, umemaliza yako?"

"Sema ndiyo, Mdogo," Mkuu akasema. "Sema tu ndiyo, mdogo wangu. Nakuomba."

Mwanangu akatazama karatasi. Akamtazama Mkuu muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu wa kuagana naye. Halafu akachuchumaa chini ya ule mguu, akapeleka vidole kwenye kitambaa changu. Wote tulijua kitambaa kikifunguliwa ndege inaondoka. Tone likaanguka kwenye sinia. Likaanguka jingine.

Akashika ncha mbili za kile kitambaa, akazivuta kwa nguvu zake zote, fundo likakaza hadi uzi wa buluu ukakatika.

Akasimama. Akaufunga mfuniko wa kalamu, akauweka ule ubao juu ya sinia la mafuta, karatasi ikiwa haina sahihi, akamkabidhi Mkuu kadi yake ya kazi mkononi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. Kisha akapita katikati yetu, akapita juu ya zulia jekundu pembeni mwa bendi, akatoka nje.